Riwaya zetu zinalewa, hazionji

Kila aliyepita shule ya msingi anaijua methali ya mgema. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeifanyia mtihani, tumeiandikia insha, tumeisikia kwenye hotuba za harusi. Tunaeleza kwamba sifa humharibu mtu, tunapewa alama zetu mbili, tunaendelea na swali linalofuata. Sijawahi kumsikia mwalimu akiuliza jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza: walijuaje kwamba limetiwa maji? Lazima kuna mtu alikunywa, akatulia kidogo, akasema hapana, hili si lile la juzi. Methali nzima imesimama juu ya ulimi wa mtu huyo, na fasihi yetu haijamtafuta.

Nimemtafuta mimi. Kwa wiki mbili nimezunguka vilabu vya mbege mlimani Kilimanjaro, kuanzia Kibosho, nikaenda Marangu, nikamalizia Rombo, na kwenye begi nilikuwa na riwaya mbili ninazozirudia mara kwa mara. Mchana kata, usiku kitabu. Na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuona kwamba walioko kwenye mabenchi ya vilabu wanaijua kazi ya uhakiki kuliko wengi wetu tunaojiita wahakiki.

Nianze na kitabu cha kwanza, Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi. Hilo unalijua mapema na huwezi kulisahau, kwa sababu ulevi wake ndio unaoitikisa nyumba nzima, mkewe Regina na mabinti zake. Kezilahabi anaandika kama mtu aliyeishi jirani na nyumba hiyo. Lakini jaribu kidogo: funga kitabu, kisha uniambie pombe ya Zakaria ilikuwa na ladha gani. Ilikuwa chachu? Ilikuwa nzito? Ilipikwa na nani, na huyo mpishi alikuwa hodari au alikuwa anawalangua tu watu? Mimi nimekisoma mara nyingi na siwezi kujibu. Ninachokumbuka ni vipigo na hofu. Hali ni hiyohiyo kwa Maimuna wa Utengano (1980) cha Said Ahmed Mohamed: chupa zipo, anguko lipo, ladha haipo.

Sisemi waandishi hawa walikosea. Walevi wapo, na wake zao wapo, na watoto wanaolala njaa kwa sababu ada ya shule imeishia kilabuni wapo pia. Yeyote anayetaka kuufanya ulevi uwe mapambo hajawahi kuamshwa usiku wa manane na mlango unaopigwa mateke. Ninachosema ni kwamba pombe kwenye nathari yetu imegeuzwa kuwa nyundo. Mwandishi akitaka kumvunja mhusika anaichukua, anampiga nayo, anairudisha ukutani. Na sababu tunaweza kuzikisia. Fasihi andishi ya Kiswahili ilikulia pwani, kwenye ustaarabu wa Kiislamu ambako kileo ni haramu. Ikapita kwenye shule za misheni, ambako pombe za kienyeji zilihesabiwa pamoja na mambo ya kishenzi. Ikaja kuingia kwenye miaka ya Ujamaa, ambapo mlevi alikuwa mtu anayelikwamisha taifa. Malezi matatu, kila moja na sababu zake, na yote yakaelekeza kidole upande mmoja. Basi tukawa na fasihi inayojua kulewa na isiyojua kuonja.

Kitabu cha pili kwenye begi kilikuwa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1973. Kuna mahali Okonkwo, kijana asiye na kitu, anakwenda kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu. Anakwenda na tembo. Angalia Achebe anavyolitendea tembo lile. Wake wa Nwakibie wanakunywa kwa zamu, na hakuna anayeweza kunywa kabla ya Anasi, mke mkubwa. Wanaume nao wanakunywa. Mwisho yanabaki machicha, na hapo unatokea mjadala mfupi wa nani ayanywe. Wanampa Igwelo, mtoto mkubwa wa mwenye nyumba, maana ameoa juzijuzi na machicha mazito yanaaminiwa kumfaa mwanamume wa namna hiyo. Wanacheka. Kisha ndipo shida ya Okonkwo inasemwa.

Ukurasa mmoja tu, au mbili. Lakini tembo lile lina juu na lina chini, lina wa kwanza na wa mwisho, na kila tone lina mwenyewe. Humo umeshajifunza cheo cha mke mkubwa, umri wa ndoa ya Igwelo na adabu ya mwombaji, bila mwandishi kukuhutubia. Tumekuwa na ukurasa huo kwa Kiswahili zaidi ya miaka 50. Tumeutungia maswali ya "taja dhamira", tukauacha hapo.

Nilikuwa nikiwaza machicha ya Igwelo siku nilipokalishwa kwenye kibao, jikoni kwa mama mmoja wa Marangu, nitazame mbege inavyopikwa. Kwa wasioijua, nieleze, maana watu wa Dar wengi wanadhani ni ndizi tu zimechacha. Ndizi huvundikwa mpaka ziive kabisa, zikamenywa na kuchemshwa saa nyingi hadi rangi igeuke nyekundu kama udongo wa mlimani. Zikipoa huwekwa kwenye pipa kwa siku kadhaa zichachuke. Kukiwa na baridi zinachelewa. Pembeni kuna ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa: hicho ndicho kimea. Unapikwa uji wake, unatiwa unga wa gome la msesewe, mti mchungu huo usikie tu. Maji ya ndizi yanachujwa, yanaunganishwa na uji, vinalala pamoja usiku. Kesho yake inanyweka. Keshokutwa imekaza. Siku inayofuata unakunywa kitu kinachoelekea kuwa siki.

Ukiangalia vizuri, kuna mahali pengi pa kuharibu. Ndizi zisipochemka vya kutosha, mbege inabaki na ukakasi, ule wa kukunja ulimi kama umeuma ndizi mbichi. Ulezi ukiwa mchache inakuwa maji. Na msesewe! Mama yule aliupima kwa kiganja, akaupunguza, akaurudisha kidogo. Nikamuuliza anajuaje kiasi. Akasema, "Ukisikia utamu umeacha kukimbia mbele, basi." Nimesoma vitabu vya nadharia vyenye sura nzima kuhusu mizani katika kazi ya sanaa, na hakuna sura iliyonisaidia kama sentensi hiyo.

Sasa kwenye kuonja. Kilabu cha kwanza, Kibosho, mbege ilikuwa changa, tamu, karibu na togwa. Nikaipenda, nikasema hivyo, na benchi zima likanitazama kwa huruma. Mzee mmoja akasema hiyo ni ya kumpa mkwe asiyejua kunywa. Marangu ilikuwa na ugwadu uliokuja mwanzoni na uchungu uliokuja nyuma, umechelewa, umekaa pembeni ya koo. Hiyo niliinywa polepole. Rombo, siku ya soko, nilipewa ambayo ilikuwa nzito hata kata ikabaki na ulezi chini kama mchanga, na jirani yangu akanionyesha namna ya kuizungusha ili nisiuache. Nikamfikiria Igwelo tena.

Lakini kilichonifanya niandike hapa si nilichokunywa, ni nilichosikia. Kiswahili cha vilabuni, pamoja na Kichaga kinachoingia na kutoka, kina msamiati wa uhakiki ulio tayari. Mbege inaweza kuwa dufu. Inaweza kuwa chapwa, na chapwa si sawa na dufu: waliniambia dufu haikuwahi kuwa na kitu, chapwa ilikuwa nacho ikakipoteza. Inaweza kukolea au kukaa juujuu. Inaweza kukereketa. Kuna iliyolala, yaani haikuchachuka, na kuna iliyopitiliza. Na haya yanasemwa mbele ya mpishi mwenyewe. Huko Rombo mzee alirudisha kata kwa heshima zote, akasema, "Mama, leo msesewe umekuzidi mkono." Mama akaonja mwenyewe, akanyamaza, akasema, "Ni kweli baba. Gome la safari hii ni la mti mwingine." Basi. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeambiwa anamvunja moyo msanii wa nyumbani. Akainywa hivyohivyo na akalipa.

Linganisha na sisi. Kitabu kipya kikitoka, tunaandika kwamba kina "lugha tamu" na "ujumbe mzito". Tamu vipi? Kama togwa, au kama kitu ambacho utamu wake umeacha kukimbia mbele? Mwandishi ni rafiki yetu, tulikuwa naye kwenye uzinduzi, tukala sambusa zake. Tunamsifu. Halafu cha pili kinakuja na maji ndani na tunashangaa.

Kuna watakaosema msamiati wa kuonja tunaweza kuuazima, maana viwanda vidogo vya bia vinavyopika kwa mitindo ya Ulaya na Marekani sasa vipo Nairobi na Dar es Salaam. Nimekunywa humo, na baadhi ya bia zao ni nzuri kwelikweli. Kupika shayiri kwa uangalifu ni kazi ya mikono kama ile ya Marangu. Ila kwenye baa moja Nairobi nilipewa kadi ya maelezo iliyoniahidi balungi, karameli na msonobari. Msonobari! Mimi msonobari naujua kwa mbao za Sao Hill. Nikaionja, na neno lililonijia lilikuwa ukakasi, likifuatiwa na ugwadu wa embe bichi. Nilimwambia mhudumu, kijana wa Kisumu, akacheka akasema, "Hapo sasa nimekuelewa." Kadi ilikuwa imeandikwa kwa ulimi wa mtu asiyekuwepo mezani.

Nisingependa mtu aitoe hoja hii nje ya mipaka yake. Sitaki riwaya za kusifia kilabu. Nataka siku moja nisome riwaya ambayo mke wa mlevi ndiye mpishi wa mbege, hodari kuliko wote kijijini, anayesomesha watoto kwa pipa lilelile linalomwangusha mumewe, na ambaye jioni akionja kazi yake anajua kwamba ni nzuri. Afanye nini na ujuzi huo? Nyumba kama hiyo si ya kubuni, nenda mlimani utaikuta. Huyo mama hawezi kuandikwa na mtu anayedhani pombe zote zina ladha moja, kwa sababu hatajua anachopoteza siku akiamua kulivunja pipa.

Nyongeza kwa walio mbali na mlima: mbege haisafiri vizuri. Wiki iliyopita jamaa aliletewa dumu la lita 5 kwa basi kutoka Moshi hadi Ubungo. Mfuniko ulikuwa umevimba na ndani ilikuwa bado inachemka. Tulikuwa watu wanne, na watatu tukaisifia kwa sababu tulikuwa na hamu nayo. Wa nne, mama mtu mzima kutoka Uru, alipiga funda moja, akaiweka mdomoni muda mrefu kuliko sisi, kisha akasema, "Huyu aliyeipika anajua. Dereva ndiye aliyechelewa."