Vina vya Mchezo katika Vitabu vya Watoto Wadogo

Ushairi wa Kiswahili haukupata kumsahau mtoto, lakini aghalabu ulimkumbuka kwa wosia. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, na katika karne iliyofuata Shaaban Robert alimwachia binti yake Hati na mwanawe wa kiume Adili. Tungo hizo zina heshima yake, wala hapana haja ya kuipunguza. Lakini upande wa pili wa vina, ule wa kuchezesha ulimi, kutega na kuchekesha, uliachiwa vinywa vya watoto wenyewe na vya bibi zao, katika vitendawili, vitanza ndimi na nyimbo za michezo. Ndiyo sababu kitabu cha picha chenye vina vya mzaha hutazamwa na wengi kama kitu cha kupitishia wakati, kisichostahili jicho la mhakiki. Samaki hukunjwa angali mbichi, husema mzazi, na ukurasa usio na funzo huuona kuwa ni ukurasa uliopotea. Hukumu hiyo yafaa kupimwa, maana yamkini funzo limo ndani ya mchezo wenyewe, na halionekani kwa sababu halikuvaa kanzu ya wosia.

Hukumu kama hiyo ilipata kutolewa kwa ukali katika Urusi. Kornei Chukovsky alitoa mwaka 1917 hadithi ya mashairi juu ya mamba atembeaye katika mitaa ya mji. Mwaka 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na kiongozi katika mambo ya elimu, aliishutumu hadithi hiyo katika gazeti la Pravda, akaiona kuwa ni upuuzi usiomfundisha mtoto lolote la kweli juu ya mamba. Mwandishi Maxim Gorky alisimama kumtetea Chukovsky. Lakini utetezi ulio mzito zaidi umo katika kitabu cha Chukovsky mwenyewe juu ya lugha ya watoto wa umri wa miaka 2 hadi 5. Aliona humo kwamba mtoto hupenda kupindua mambo kwa kuwa amekwisha kuyajua yalivyo. Asiyejua kuwa abwekaye ni mbwa hawezi kumcheka mbuzi anayebweka. Basi kicheko cha mtoto si dalili ya kupotoshwa, bali ni ushahidi kwamba ameutambua utaratibu wa ulimwengu, na sasa anathubutu kuuchezea. Krupskaya alitafuta ujuzi ndani ya kitabu, hali ujuzi ulikuwa ndani ya msomaji, na kitabu kilikuja kuuamsha tu.

Ikiwa mzaha huamsha ujuzi wa mambo, kina huamsha ujuzi wa sauti. Kwa msikilizaji mdogo kina ni ahadi. Mstari wa kwanza ukisha kwa sauti fulani, sikio lake hukaa tayari kuipokea sauti hiyo tena, na mara nyingi ulimi wake hulitaja neno kabla mlezi hajalifikia. Katika nukta hiyo mtoto huacha kuwa mpokeaji, huwa mshirika wa mtungaji. Hapana namna nyingine ya maandishi impayo mtu asiyejua kusoma madaraka makubwa kiasi hicho juu ya kitabu.

Jambo hili lilidhihirika katika Marekani. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey alilalamika katika jarida la Life kwamba vitabu vya kujifunzia kusoma vilikuwa vikavu, na picha zake hazina uhai. Theodor Geisel, ajulikanaye kwa jina la Dr. Seuss, alitakiwa kutunga kitabu kwa maneno machache yaliyochaguliwa, na mwaka 1957 kikatokea The Cat in the Hat, chenye maneno 236 tu tofauti. Mwaka 1960 alitoa Green Eggs and Ham kwa maneno 50, na katika hayo 49 yana silabi moja moja. Umaskini wa maneno ungeweza kuzaa kitabu kikavu kama vile alivyovilalamikia Hersey. Kilichokiokoa ni kina, kwa kuwa neno likirudi pasipo kina ni marudio, na likirudi kwa kina huwa ni mchezo ambao mtoto angoja zamu yake.

Zaidi ya hayo, kina huweza kuzaa jambo ambalo mtungaji hakulikusudia. Julia Donaldson wa Uingereza alipoandika The Gruffalo, kitabu kilichotokea mwaka 1999 kwa picha za Axel Scheffler, alianzia kwenye ngano ya Kichina ya mbweha aliyejifaidia kwa hofu ya chui milia. Alipoona kwamba jina la mnyama huyo halimletei vina, alimbuni mnyama asiyepata kuwako, mwenye jina lililokubali kina. Panya mdogo apitaye msituni akiwatisha wakubwa kwa mnyama huyo ni ndugu wa sungura wa ngano za Afrika Mashariki. Silaha yao ni moja, nayo ni akili ya mnyonge. Lakini yule mnyama wa kubuni ni mtoto wa kina. Wasemao kwamba vina hufunga mawazo wautazame mfano huu, ambamo kifungo kilifungua mlango.

Picha nayo ina kazi yake, na kazi hiyo si kurudia maneno. Ukurasa ukisema kwamba paka amekaa, na picha ikaonyesha paka amekaa, mmoja kati yao hana kazi. Kitabu bora hugawa habari, neno likaahidi na picha ikatimiza, au neno likajisifu na picha ikatoa siri. Mtoto asiyesoma herufi husoma picha, na pengine huona kosa ambalo mlezi wake, mwenye kukimbilia maneno, hakuliona.

Kwa kuwa vina na picha vina nguvu hiyo, mhakiki hana ruhusa ya kuvihesabu kuwa ni mambo mepesi. Mwezi Machi 2021 kampuni inayosimamia kazi za Geisel ilitangaza kwamba vitabu vyake 6 havitachapishwa tena, pamoja na kile cha mwaka 1937 juu ya barabara ya Mulberry na If I Ran the Zoo cha mwaka 1950, kwa sababu ya picha zinazowadhalilisha watu. Katika hicho cha 1950, watu wa Afrika wamechorwa kwa sura za kufanyiwa dhihaka, na mistari yenye kurukaruka ikawapeleka katika vichwa vya watoto kwa miaka 70. Kilichoingia kwa wimbo hakitoki kwa hotuba. Huo si ushahidi dhidi ya mchezo. Ni ushahidi wa nguvu zake, na sababu ya kuuchunguza kama vile uchunguzwavyo wosia.

Yabaki kuuliza Kiswahili kitaupokeaje mchezo huu. Bradley na Bryant, wataalamu wa Oxford, walionyesha mwaka 1983, kwa kuwafuatia watoto zaidi ya 350, kwamba mtoto apambanuaye sauti za maneno kabla ya kusoma huelekea kusoma vizuri baadaye, na kwamba mafunzo ya sauti yaliyounganishwa na herufi yalisaidia kuliko ya sauti pekee. Lakini watoto hao walisoma Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake hayafuati matamshi kwa uaminifu, na kina humpa mtoto ufunguo wa kundi zima la maneno. Mtoto wa Kiswahili akisha kuzijua silabi zake hana kufuli kubwa la namna hiyo. Taabu yake ni urefu wa neno. Hulisoma «hawakutupatia» silabi kwa silabi, na afikapo mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Kwake yeye msaada mkubwa huenda ukatoka katika mizani kuliko katika kina, maana mapigo yaliyopimwa humvusha katika neno refu kwa pumzi moja.

Tena, vina katika Kiswahili ni vingi mno. Kila neno la asili lakoma kwa irabu; mnyambuliko wa vitenzi na mahali penye «-ni» huleta vina pasipo jasho. Mtungaji akiandika «waligombana, wakapatana, wakaagana», sarufi ndiyo iliyotunga. Akiandika «mezani, chunguni, shambani», ni vivyo hivyo. Ahadi itimizwayo kwa urahisi hivyo haimfanyi mtoto kungoja, na asiyengoja hafurahi. Washairi wa kale walilijua hilo, wakaweka masharti. Mshororo wa shairi ukawa na mizani 16, ukagawanywa katikati na kupewa kina huko pia. Utenzi ukawa na vipande vya mizani 8, na kina cha kipande cha nne kikapita utungo wote kama uzi wa ushanga. Mtungaji wa watoto hahitaji masharti hayo yote, lakini ahitaji sharti. Itazamwe mistari miwili kama hii: «Kobe kapanda mnazi, kashuka bila ya ngazi.» Mizani ni 8 kwa 8, kina kimeshikwa na majina mawili yaliyo mbali kwa maana, wala si na viambishi, na namna aliyoshuka kobe haikutajwa. Picha ndiyo itakayomwonyesha amelala chali chini ya mti, na nazi imemkalia tumboni. Maneno yamemsifu, picha imemsuta, na mtoto aliyecheka amekwisha kuonja kejeli kabla hajalijua jina lake.

Tangu mwaka 1991 ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kutunga na kuchapa vitabu vya watoto kwa Kiswahili ni kazi yenye watu wake. Ambacho hakijawatosha ni uhakiki. Utenzi wa beti mia hupimwa mizani moja moja. Kitabu cha kurasa 24 husifiwa kwamba kinapendeza, kisha hufunikwa. Kipimwe nacho kwa mizani ile ile: kina kimetafutwa au kimeokotwa, picha imeongeza au imerudia, kicheko kinamwangukia nani. Mtoto hatauliza maswali hayo kwa maneno. Atayajibu kwa kuomba kitabu kisomwe tena, au kwa kuteremka pajani na kwenda zake.