Ulaya inatoza mabanki kwa hasira, haiyatozi kwa akili



Wiki iliyopita, katika mazungumzo yetu, mmoja wetu wa uchumi alisema hivi: «Ulaya wanajua kutoza mabanki. Muangalie Italia 2023, asilimia 40!» Watu wengi walimuunga mkono. Mimi nilinyamaza, juu sikukuwa na jibu. Kiisha nikaenda kusoma. Leo narudi na jibu: hapana, ndugu yangu, hawajui. Ao tuseme wanajua, lakini hawafanyi.

Mimi ni mtu wa agronomia. Licence yangu ni ya mimea na udongo, si ya banki. Munisahihishe kama napotea. Lakini kodi na maji ya kumwagilia vinafanana: ukichimba mfereji bila kuangalia mteremko, maji yatakwenda yanakotaka yenyewe.

Tuanze na hiyo Italia munayoisifu. Mwezi wa nane 2023, serikali ya Giorgia Meloni ilitangaza kodi ya asilimia 40 juu ya faida ya ziada ya mabanki. Watu wakashangilia. Kesho yake bei ya hisa za mabanki ikaanguka, na siku ileile serikali ikaanza kurudi nyuma: ikasema kodi haitapita asilimia 0,1 ya mali ya banki. Kiisha, sheria ilipopita bungeni, ikaongezwa njia nyingine: banki isiyotaka kulipa inaweza kuweka kwenye akiba yake yenyewe kiasi kinachopita ile kodi mara mbili na nusu. Mabanki makubwa yakachagua nini? Akiba, njo wazi. Makuta yakabaki katika nyumba zao. Hazina ya Italia haikupata karibu chochote. Ile asilimia 40 tuliyoipigia makofi ilikuwa kelele.

Kwa nini mambo haya yanarudi kila mara? Wazo langu ni hili: nchi za Ulaya zinatoza mabanki wakati wananchi wamekasirika, kila nchi peke yake, na zinatoza kitu kinachoweza kukimbia. Kitu kisichoweza kukimbia zinakiacha, tena zinakilinda kwa sheria.

Niwaeleze kwa jambo nililoona kwa macho. Wakati wa stage yangu katika bonde la Ruzizi, wakubwa wa soko moja waliweka mchango juu ya kila gunia la mpunga linalopimwa pale. Nyuma ya miezi miwili mizani ilikaa bure: wachuuzi walikuwa wananunua katika soko la jirani. Lakini ushirika wa pale pale ulikuwa unaomba mchango wa maji kwa kila kiwanja, na ule ulilipwa na karibu kila mtu. Juu gani? Gunia lina miguu, kiwanja hakina.

Uswidi ilifanya kosa la gunia. Mwaka 1984 iliweka kodi juu ya kununua na kuuza hisa, yaani vile vipande vya umiliki wa kampuni: asilimia 0,5 kwa kila upande. Mwaka 1986 ikaiongeza mara mbili. Lakini kodi ilikuwa inashika paka wale wanaopita kwa madalali wa Uswidi. Basi wafanyabiashara walifanya sawa vile wachuuzi wetu wa mpunga: walipeleka biashara London. Sehemu kubwa sana ya biashara ya hisa za kampuni kubwa za Uswidi ilihamia kule. Mwaka 1991 kodi ikafutwa. Tangia siku ile, kila mtu anayetaka kutoza masoko ya fedha anaambiwa: «Kumbuka Uswidi.»

Kinachochekesha ni kwamba hiyo London yenyewe ilikuwa inatoza! Uingereza iko na kodi ya asilimia 0,5 juu ya kununua hisa za kampuni za Uingereza. Na haikufa, inaingiza pauni bilioni kadhaa kwa mwaka. Siri yake ni nini? Haiulizi mnunuzi anakaa wapi wala anapita kwa dalali gani. Inauliza paka jambo moja: hii hisa ni ya kampuni ya wapi? Kama ni ya Uingereza, unalipa, hata ukiwa New York. Na usipolipa, shida iko kwako, juu umiliki wako unakosa kutambuliwa na sheria. Ule ni mchango wa kiwanja. Si kwamba hauna matundu: wakubwa wanaofanya kazi ya kununua na kuuza kama udalali wanasamehewa, na mikataba ya kubashiri bei bila kuimiliki hisa inapita pembeni. Lakini umesimama.

Sasa tufike kwenye kitabu kikubwa, pendekezo la Tume ya Ulaya la tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 2011. Hili njo nataka kulihakiki vizuri, juu wengi wetu tunalitaja bila kulisoma. Tume ilisema mataifa yalikuwa yametoa ahadi za yuro bilioni 4600 kuokoa mabanki wakati wa mgogoro, basi ni haki mabanki nayo yachangie. Ikapendekeza asilimia 0,1 juu ya hisa na hati za mikopo, na asilimia 0,01 juu ya ile mikataba inayojengwa juu ya bei zao. Ikahesabu kwamba ingepata yuro bilioni 57 kwa mwaka.

Nia ilikuwa safi, siwezi kuidharau. Lakini mjenzi alisahau udongo. Kwa mikataba ya Umoja wa Ulaya, sheria ya kodi kama hii inadai nchi zote zikubali, hata moja isikatae. Uingereza na Uswidi, kila moja kwa sababu yake, hazikutaka. Mwaka 2012 nchi 11 zikasema zitakwenda zenyewe: Ujerumani, Ufaransa, Italia, Espanya, Ubelgiji na nyingine. Estonia ikatoka. Waliobaki wakaanza kubishana: tutoze nini, tusamehe nani, akiba ya uzee ya wafanyakazi itakuwaje? Kila nchi ilikuwa na mtoto wake wa kuficha. Mpaka leo ile kodi ya pamoja haijazaliwa.

Kosa kubwa la pendekezo lile, kwa macho yangu, lilikuwa kutaka kukamata kila kitu siku moja: hisa, hati, mikataba, hata mikopo ya siku chache ambayo mabanki yanapeana ili yapumue. Mkulima anayefungua mashamba kumi kwa msimu mmoja na jembe moja, munajua mwisho wake. Wangeanza na hisa peke yake, kwa mtindo wa Uingereza, wote kwa kiwango kimoja, pengine leo tungekuwa tunazungumzia kuongeza.

Ushahidi? Ufaransa ilianza peke yake mwezi wa 8 mwaka 2012, kwa hisa za kampuni zake zenye thamani inayopita yuro bilioni 1. Ilianza na asilimia 0,2, ikapanda 0,3 mwaka 2017, na 0,4 mwaka 2025. Italia ilifuata mwaka 2013, Espanya mwaka 2021. Hakuna soko lililokufa. Lakini hata hapa nina lawama: Ufaransa haimtozi anayenunua asubuhi na kuuza mbele ya jioni. Bunge lake lilipitisha sheria ya kumtoza, serikali mpya ikaifuta mbele haijaanza kazi. Basi mzee wa Lyon anayenunua hisa kidogo za kuweka analipa, na kompyuta inayonunua na kuuza mara elfu kwa siku inapita bure. Na watu walikuwa wameambiwa kodi hii ni dawa ya ulaji kamari!

Lakini wandugu, hayo yote ni pembeni. Shimo kubwa liko mahali ambapo hakuna mtu anaandamana: TVA.

Sisi tunaijua TVA hapa kwetu tangia 2012. Ulaya, fundi wa mabomba akikutengenezea bomba, anaongeza TVA juu ya bei yake (kiwango cha kawaida ni asilimia 19 Ujerumani, 20 Ufaransa). Anaipeleka serikalini, kiisha anarudishiwa ile TVA aliyolipa mwenyewe aliponunua vifaa. Banki ikikukopesha pesa, haiongezi TVA juu ya riba. Huo ni msamaha ulioandikwa katika sheria ya pamoja ya mwaka 1977, na uko mpaka leo. Sababu yake ilikuwa ya ufundi: katika riba, ni ngumu kutenganisha bei ya kazi ya banki na bei ya hatari na ya wakati. Ni kweli ni ngumu. Lakini sasa imepita miaka inayokaribia 50!

Tuwe wakweli: msamaha huu haufaidishi banki upande wote. Juu haitozi TVA, banki hairudishiwi ile iliyolipa kwa kompyuta na majengo yake. Inaificha katika bei ya huduma zake, na kampuni zinazokopa zinaibeba bila kuiona. Njo maana hata wataalamu hawapatani juu ya nani anapata na nani anapoteza. Lakini Tume yenyewe, mwaka 2011, ilisema sekta ya fedha inapata faida ya karibu yuro bilioni 18 kwa mwaka kwa sababu ya msamaha ule. Iliwahi kupendekeza kuutengeneza mwaka 2007. Nchi hazikupatana, na mwaka 2016 pendekezo likaondolewa mezani kimyakimya.

Na dawa iko! Mwaka 2010 Shirika la Fedha la Kimataifa liliwaandikia viongozi wa G20 wazo rahisi: kama huwezi kutoza TVA juu ya riba, jumlisha faida ya banki na mishahara inayolipa, kiisha utoze jumla hiyo. Kwa hesabu, ile jumla iko karibu sana na thamani ambayo TVA ingekamata. Denmaki inatoza mishahara ya sekta ya fedha, na Ufaransa iko na kodi ya mishahara kwa wale wasiotoza TVA. Nusu ya nyumba imejengwa tayari. Na mishahara haihami jioni moja kama biashara ya hisa.

Nasikia tayari sauti ya ndugu yangu wa uchumi: «Banki itaongeza bei, maskini atalipa.» Ni hoja nzito, siikimbii. Sehemu moja italipwa na wateja, kweli. Lakini fundi wa mabomba naye anaongeza TVA juu ya bei, na mteja wake maskini analipa. Mbona kwa fundi tunasema ni sheria, kwa banki tunasema ni dhuluma? Ukitaka kumlinda maskini, msamehe yeye: akaunti ndogo, mkopo mdogo. Usimsamehe mwenye banki kwa jina la maskini.

Na zile kodi za faida ya ziada? Sizikatai. Kati ya mwezi wa 7 mwaka 2022 na mwezi wa 9 mwaka 2023, Banki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba inayolipa mabanki kutoka chini ya sifuri mpaka asilimia 4. Mabanki yalipokea ile riba, na wenye akiba wengi wakapewa kidogo sana. Faida ile haikutoka kwa jasho. Lituania ilitoza asilimia 60 ya riba iliyopita kiasi ili kusaidia ulinzi wa nchi, Espanya ikatoza asilimia 4,8 ya mapato ya mabanki makubwa. Sawa. Lakini hiyo ni kuchota maji ya mvua kwa sufuria. Mvua ikikatika, huna mfereji.

Mutaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Kwa miaka mingi, sehemu ya ile kodi ya Ufaransa ilipelekwa kwenye mfuko wake wa mshikamano kwa maendeleo, na mfuko ule ulichangia Mfuko wa Dunia unaopigana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, wenye kazi kubwa hapa Kongo. Ile chandarua iliyo juu ya kitanda cha mtoto wa jirani, pengine uzi mmoja wake ulitoka kwa mtu aliyenunua hisa Paris. Kodi ikijengwa vibaya kule, kuna dawa inayokosekana huku.

Na kuna jambo la pili. Kesho, wengine wetu wataitwa kuandika sheria za kodi za jimbo ao za nchi. Tusinakili kelele za Italia juu zilikuwa katika habari. Mbele ya kuuliza asilimia ngapi, tuulize kwanza: kitu hiki kina miguu ao hakina?

Ndugu yangu wa uchumi, mpira uko kwako. Niko tayari kukosolewa, lakini uje na hesabu.