Juu ya 'Kuzimia Roho' katika Matendo 10:10

Tafsiri ya Union Version ya 1952 yasema kwamba roho ya Petro ilizimia. Neno la Kiyunani hapo ni ekstasis. Kitenzi cha asili hiyohiyo, katika Marko 3:21, kimefasiriwa 'kurukwa na akili', nacho kilinenwa juu ya Bwana mwenyewe. Kuyatenganisha twakusifu, 'kuzimia' ndiko kunakotutatiza. Msikilizaji wa Kigongo hufikiri Petro alianguka kwa njaa (na kweli alikuwa na njaa!), hali mtume aliona, akasikia, akabishana. Twapendelea 'alichukuliwa katika maono'. Maana mtu aangukapo katika mkesha, mzee wa kanisa asiyepambanua kuzimia, maono na kupagawa atamkemea pepo, na mwenye kifafa hatafikishwa zahanati.