Watu wa Kusadikika

Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951, kimesomwa na wengi kama ngano tu ya nchi ieleayo hewani. Mimi naona yafaa kuwatazama watu wake, maana ubaya wa nchi ile twaujua kwa watu hao kuliko kwa maelezo.

Karama ashtakiwa barazani. Kosa lake nini? Hakuiba wala hakuua. Amewafundisha watu elimu ya sheria. Hebu fikirini, ni nchi ya namna gani iliyo na sheria, kisha mtu atakaye sheria zijulikane ahesabiwa kuwa mhalifu? Shtaka hilo peke yake latuonyesha jinsi watu wahukumiwavyo huko.

Mshtaki ni Waziri Majivuno. Wako wanaomlaumu mtunzi kwa majina ya namna hii, wakisema kwamba mtu aitwaye Majivuno hawezi kutenda neno ila kujivuna, kwa hiyo si mtu, ni kinyago. Lawama hiyo ina kweli ndani yake. Lakini Majivuno hasemi kwamba ashtaki kwa ajili ya cheo chake. Asimama kwa jina la nchi. Hapo ndipo kinyago kinapopata uhai, na sisi twamtambua, maana tumepata kumwona mahali pengine.

Karama, katika kujitetea, aleta habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alisafiri mbali, akapata taabu, akarudi na habari za kuifaa nchi yake, akatiwa kifungoni. Kwa kweli wajumbe hao wafanana mno. Mweke Auni mahali pa Kabuli, na hadithi haitaharibika. Msomaji huchoka kidogo. Walakini kufanana huko kwatufundisha jambo: angefungwa mmoja, tungesema amedhulumiwa kwa bahati mbaya, wakifungwa sita, hiyo ni desturi ya nchi.

Sisi wa Kaole twaweza kukifahamu kitabu hiki upesi. Hapa palikuwa na askari wa Sultani wa Unguja, wakaja Wadachi, kisha Waingereza, na kila mara amri zilitoka mbali. Mtunzi alikuwa karani wa serikali katika siku za Waingereza. Mtu kama huyo akitaka kunena habari za mabaraza, ni afadhali nchi yake aitundike hewani.

Mwisho ndio usioniridhisha. Karama ashinda, wafungwa wafunguliwa, sheria zatengenezwa. Lakini hayo yote yatendeka kwa neno la mfalme. Wavuvi na wakulima wa Kusadikika wako wapi? Hatusikii wanavyoteta usiku, wala hatujui kama walimwombea Karama au walimcheka. Tena kati ya wajumbe sita hakuna mwanamke hata mmoja.

Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mtunzi kufariki, jembe limo na shamba limo. Laiti jirani mmoja wa Utubora angalipandishwa huko hewani, akasimamishwa mbele ya Majivuno, tukasikia atakavyojibu.