Vyombo vya Kutazamwa



Yako mambo ambayo sisi wenye vilemba huona haya kuyaandika, tukidhani kuwa ni ya akina mama peke yao, na jiko ni mojawapo. Tutasema juu ya sala na funga na mirathi, lakini tukifika mlango wa jikoni tunarudi nyuma. Nawe ukitazama vizuri utaona kuwa vitabu vyetu vya fiqhi huanza na tahara, na humo katika tahara, hata kabla mtu hajafundishwa kutawadha, imo fasili ya vyombo: kipi kifaacho kutumiwa na kipi kisichofaa. Basi Maimamu wetu waliingia jikoni kabla ya kuingia msikitini, na mimi leo nawafuata nyuma yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilifika Dodoma katika miezi ya upepo, nikakaribishwa nyumbani kwa kijana niliyemsomesha chuoni zamani, mtu wa pwani hasa. Mwaka 1973 TANU ilipokata shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, wengi wetu wa pwani tulicheka, tukasema nani atakayeiacha bahari akakae penye mbuyu na vumbi. Tangu 2016, watumishi wa Serikali walipoanza kuhamishwa kwa wingi, hatucheki tena. Watoto wetu wanajenga huko, wanazaa huko, na wake zao wanapika wali wa nazi huko kwa nazi zilizosafiri siku nzima.

Nyumba ni nzuri, na alhamdulillahi ni ya halali. Lakini jiko halina mlango. Ukiketi sebuleni unaliona lote, na ukutani mwake hapana kabati. Pana mbao tatu ndefu, zilizopigiliwa moja juu ya nyingine, nazo ndizo rafu. Juu yake zimesimamishwa sahani nyeupe, zimeegemezwa ukutani zikitazama wageni. Viko vikombe vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu, sita sita, na birika lisilopata kuona maji. Ziko chupa za kioo za iliki, mdalasini na pilipili manga, kila moja imeandikwa jina lake kana kwamba mke wa pwani hazijui iliki kwa harufu. Uko mmea wa plastiki unaoning'inia. Na katikati, juu kidogo ya jiko la gesi, kimetundikwa kibao cha Ayatul Kursiy.

Yule kijana akaniuliza, "Maalim, waionaje?" Nikasema, "Mashaallah," nikanyamaza, maana mgeni hali chakula cha watu kisha akawakosoa. Lakini swali la mwanafunzi ni deni, na deni hilo nalilipa hapa, kwa kuwa najua rafu kama hizo sasa ziko Tanga, Mombasa, Unguja, na kila penye simu yenye picha.

Kwanza niwatetee. Wako watakaosema kwamba kuweka vyombo wazi ili vionekane ni uzushi wa siku hizi. Hao hawajui walikotoka. Katika majumba ya mawe ya Lamu, Pate na Siyu, yaliyojengwa karne mbili na zaidi zilizopita, ukuta mzima wa ndani ulikuwa ukitiwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa kwa mkono, safu juu ya safu, na ndani yake huwekwa sahani na bakuli za Kichina. Wazee wetu walizipenda sahani hizo hata wakazijengea makaburini. Nenda Kunduchi ukayatazame makaburi yale yenye nguzo, utaona mahali zilipopachikwa, na nyingi zimekwisha ng'olewa, yamebaki mashimo. Kwa hivyo jicho la Mswahili kupenda chombo kizuri si jambo geni, wala Uislamu haukulipiga vita. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kula na kunywa bila ya kufuja, na aya inayofuata inamkemea anayejitungia kuwa mapambo Mwenyezi Mungu aliyowatolea waja wake ni haramu. Aya hizo mbili zisomwe pamoja. Anayesoma ya kwanza tu huwa mkali bila ya haki, na anayesoma ya pili tu hufilisika.

Walakini tazama zile zidaka zilikuwa wapi. Zilikuwa ndani, katika chumba cha nyuma kabisa, baada ya kupita daka na kiwanda na misana, mahali pa wake na jamaa. Na jiko lilikuwa mbali nazo, juu, chini ya paa la makuti, ili moshi upande zake. Waliojenga hivyo walijua kwamba masizi na sahani ya Kichina havikai chumba kimoja. Wala nisiwapambe wazee kupita kiasi: nyumba hizo zilikuwa za waungwana wachache wenye mali na watumwa, na wanawake waliozifuta vumbi zidaka hizo hawakuwa wenye kumiliki hata kikombe kimoja. Watu wengi wa pwani walikuwa na susu inayoning'inia kwenye boriti, uchaga juu ya meko, na kichanja uani. Na hata wenye zidaka hawakudumu nazo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliyataja madaka ya Pate kuwa yamebaki makazi ya ndege, na wenye sahani wamo makaburini.

Sasa turudi Dodoma, maana mahali nako kuna hukumu yake. Ile ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ni upepo na vumbi jekundu linalopita hata chini ya mlango uliofungwa. Wenyeji wake, Wagogo, waliijua nchi yao. Tembe lao ni la chini, lina paa bapa la udongo na matundu machache, na nafaka wakiiweka ndani gizani katika vilindo vya magome ya miti. Nchi iliyopata njaa ya Mtunya, mwaka 1917 hata 1920, haikuwafundisha watu kutundika chakula mbele ya macho ya wapitao. Sisi tumehamia kwao tukaacha hekima yao mlangoni, tukaenda kuiga jiko la picha lililopigwa katika nchi isiyo na vumbi na isiyokaanga samaki.

Nilipopewa maji, binti yule, Mungu ambariki, alikichukua kikombe katika rafu, akakitazama ndani, akakiosha kwanza. Nikauliza kwa upole, huviosha mara ngapi? Akasema, "Kila siku, maalim. Nisipoviosha siku mbili mtu anaweza kuandika jina lake kwa kidole." Basi hizo ni saa ngapi za uhai wa mtu katika mwaka? Mtume (S.A.W.) katika Hadithi ya Jabir (R.A.), aliyoipokea Muslim na wengineo, ametuamrisha tufunike vyombo usiku na tufunge viriba, hata kama hatukupata kifuniko ila kijiti cha kulaza juu yake. Na katika mapokezi ya Imam Malik imekuja kwamba chombo kifunikwe au kipinduliwe. Bibi zetu hawakusoma Muwatta, lakini walikuwa na kawa juu ya sinia, kata juu ya mtungi, na vikombe vimefudikizwa juu ya kitambaa. Kikombe kilichofudikizwa hakipendezi katika picha, nakubali.

Nije kwenye Hadithi inayolihusu jambo letu zaidi kuliko zote, na ambayo naona haisomwi sana katika darasa za akina mama. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na mahali nyumbani mwake panapoitwa kwa Kiarabu sahwa. Wanavyuoni wamehitilafiana ni nini: wako waliosema ni rafu, wako waliosema ni kishubaka ukutani, wako waliosema ni kijichumba kidogo cha kuwekea vitu. Kwa vyovyote ni jamaa ya hii rafu yetu. Alipafunika kwa pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini akaliona, uso wake ukabadilika, akalichana. Katika mapokezi ya Muslim imo sababu nyingine pia, kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Hapo wasomaji wengi husimama, wakatoa fatwa kwamba kila pambo la ukuta ni haramu. Polepole. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Hadithi hii, anaeleza kwamba maneno hayo hayaonyeshi uharamu. Kutoamrishwa kitu si kukatazwa, na kwetu Mashafii jambo hilo ni karaha tu. Uharamu uko kwenye zile picha.

Lakini isome Hadithi hata mwisho wake. Bibi Aisha alifanya nini na lile pazia? Hakulitupa. Alilikata akashona mto, au mito miwili, watu wakaegemea. Kitu kilichokuwa cha kutazamwa kikawa cha kutumiwa, na kitambaa ni kilekile.

Juu ya rangi ya dhahabu nitasema machache, kwa sababu niliulizwa na watu wawili huko huko. Chombo cha dhahabu au fedha ni haramu kulia na kunywea, kwa Hadithi ya Hudhayfa (R.A.) katika Bukhari na Muslim, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni haramu hata kukiweka tu bila ya kukitumia. Ama kilichopakwa maji ya dhahabu membamba, ambayo yakitiwa motoni hayatoki kitu, Minhaj inakiruhusu. Na vikombe hivi vya madukani havina hata hayo maji; ni rangi. Wacha watu wanywe chai yao.

Ayatul Kursiy juu ya jiko ni jambo jingine, na hapa sina upole. Imam Nawawi katika At-Tibyan ametaja kuwa ni karaha kunakshi kuta kwa Qur'ani na kwa majina ya Mwenyezi Mungu, na hapo hajaona kibao kilichorukiwa na mafuta ya samaki. Nilikisogelea. Herufi za chini zilikuwa zimeshika utando wa mafuta na vumbi pamoja, kitambaa hakiutoi. Aya hiyo imewekwa isomwe na ulimi usiku mtu anapolala, si kuziba pengo kati ya sahani na mmea.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Tulikuwa tunakunywa kahawa, akaja mtoto wa kike wa nyumba ya pili, watu wa Kigogo, akapiga hodi, akaamkia, akasema mama yake anaomba sufuria kubwa, wamefikiwa na wageni. Juu ya rafu, pembeni, palikuwa na sufuria kubwa ya shaba, inang'aa kama mwezi. Mtoto aliitazama. Mwenye nyumba naye akaitazama. Kisha akainama, akafungua kijimlango chini ya sinki, akatoa vitu hivi na vile, ndoo, chujio, mbuzi ya nazi, mpaka akaipata sufuria ya zamani yenye kitako cheusi, akampa mtoto kwa mikono miwili na uso mkunjufu. Mtoto akashukuru akaenda zake.

Simlaumu binti huyu, na asiyempa jirani hata hiyo nyeusi ni wengi. Suratul Ma'un inamalizia kwa kuwalaumu wanaozuia ma'un, na Ibn Masud (R.A.) amelifasiri neno hilo kwa vitu watu wanavyoazimana: chungu, ndoo, shoka. Abu Dawud naye ameipokea kauli yake kwamba zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakihesabu ma'un kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Yeye alitoa ma'un. Ila ma'un yake ilikuwa imefichwa chini ya sinki, nyuma ya mbuzi ya nazi, kama kitu cha aibu, na kile kisichoazimika ndicho kilichopandishwa juu kikawekewa taa. Mumewe alinambia baadaye bei ya ile shaba, nami nikamwomba asinitajie tena. Aliinunua kwa kukopa.

Huku kwetu pwani mtaa mzima hupikia hitima na maulidi kwa masufuria ya watu watatu, na kila mtu anajua yako kwa nani. Dodoma watoto wetu ni wageni. Hawana shangazi nyumba ya pili wala mjomba ng'ambo ya barabara. Atakayewaogeshea maiti wao na kuwachotea maji siku ya msiba ni huyo mama wa Kigogo aliyetuma mtoto. Magharibi sufuria nyeusi ilirudi, imesuguliwa kwa mchanga kitako na yote hata ikaanza kuwa nyeupe, na ndani yake mlikuwa na karanga mbichi na fungu la mlenda.

Basi mwanangu, jibu la swali lako ni hili. Kibao kihamishie chumba cha kulala au sebuleni, mbali na mafuta, baada ya kusafishwa. Vikombe vipindueni. Sahani zile mlizoziegemeza, mzitumie siku ya Ijumaa, na ikivunjika moja msigombane. Shaba iuzwe mlipe deni. Mahali pake wekeni ile sufuria iliyorudi na karanga, na ndoo, na sinia la watu wanane, vitu ambavyo mtoto wa jirani akisimama mlangoni avione, ajue vipo. Ule mmea wa plastiki uacheni ulipo. Sina neno nao, ila ufutwe vumbi.