Kuenzi Bila Kuiga: Tahakiki ya Utumbuizo wa A Love Supreme wa Kundi la Branford Marsalis

Tahakiki hii inachunguza utumbuizo wa A Love Supreme uliofanywa na kundi la wanamuziki wanne la Branford Marsalis mjini Amsterdam mwaka 2003 kwa heshima ya mpiga saksofoni John Coltrane (1926–1967). Coltrane alirekodi utungo huo wenye sehemu nne tarehe 9 Desemba 1964. Swali la msingi ni hili: je, sala ya mtu mmoja yaweza kusaliwa na mwingine? Ugumu huo hujitokeza zaidi katika sehemu ya mwisho, ambamo saksofoni hufuata silabi za shairi la Coltrane mwenyewe la kumshukuru Mungu. Anayeziiga sauti hizo hubaki na maneno ya mwenziwe; anayeziacha huuvunja utungo. Katika sehemu ya kwanza, kinyume chake, noti nne za besi ni kiunzi kinachomwachia mpigaji uhuru wa kubuni. Coltrane mwenyewe, alipoupiga utungo huo Antibes, Ufaransa, Julai 1965, aliurefusha na kuubadili. Kwa msingi huo, inabainika kuwa kundi la Marsalis linamuenzi Coltrane vyema zaidi pale ngoma za Jeff Watts zinaposhindana na saksofoni badala ya kuifuata, na kwamba linadhoofika pale linapokaribia mno rekodi ya awali. Inapendekezwa kuwa uhakiki wa tumbuizo za kumbukizi upime jinsi wapigaji wanavyoitumia nafasi waliyoachiwa na mtunzi, si ukaribu wao na rekodi yake.