Kivuli cha Abiria

Nyumbani Tanga dishi la televisheni hutazama juu kabisa, kama sufuria iliyoachwa uani ikinge mvua. Satelaiti ya DStv iko juu ya Ikweta, nyuzi 36 mashariki, na Tanga yenyewe iko nyuzi 39, kwa hiyo fundi wa dishi hana sababu ya kulipinda sana. Hapa Columbus, Ohio, mambo ni mengine. Anga lenye satelaiti limeinama lote kusini, na ukitaka kuliona sharti ujue nini kimesimama kati yako na kusini.

Kuna mzee mmoja hapa anayelijua hilo kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Ni wa Tanga, alianza kutengeneza redio akiwa kijana, na ya satelaiti aliifahamu mapema kuliko Wamarekani anaowafanyia kazi leo. AfriStar, satelaiti ya kampuni ya WorldSpace iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa mwaka 1998. XM, redio ya satelaiti ya Marekani, ilianza kutangaza Septemba 2001. WorldSpace ilifilisika mwaka 2008, lakini Mzee hapendi iitwe ndoto iliyokufa. "Ilinifundisha kazi," husema, na hapo maongezi huisha.

Jumamosi niliyomkuta gerejini kwake, mbele yake palikuwa na Honda Gold Wing, pikipiki ya safari ndefu yenye injini ya silinda sita, viti kama makochi na sanduku kubwa nyuma ya abiria. Kwa karibu miaka 30 pikipiki hizi ziliundwa Marysville, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Mwenyewe ni mstaafu anayezunguka majimbo na mkewe, na malalamiko yake yalikuwa ya ajabu kidogo: redio ya satelaiti inasikika vizuri wakienda, inakatikakatika wakirudi. Duka fulani lilimbadilishia kebo, kisha redio nzima. Hali ikabaki ileile.

"Wakienda wapi?" Mzee akauliza.

Kaskazini, kwa watoto wao.

Mzee akacheka kwa pua. Hakushika bisibisi. Alimwomba mke wa mteja avae helmeti akae kiti cha nyuma, kisha akatoa mfukoni kipimapembe cha mwanafunzi, kile cha plastiki cha nusu duara, chenye uzi na nati ya chuma ikining'inia. Aliinama hadi jicho likawa sawa na antena, akatazama juu kwenye ukingo wa kipimapembe, akauacha uzi utulie, akasoma. Nilidhani ni mzaha. Kumbe alikuwa anapima kivuli.

Satelaiti za XM zimesimama juu ya Ikweta, moja nyuzi 85 magharibi, nyingine nyuzi 115. Kutoka Columbus ya kwanza iko karibu kusini kabisa, nyuzi kama 44 juu ya upeo wa macho. Ya pili iko kusini-magharibi na chini zaidi, nyuzi kama 33. Mawimbi ya satelaiti hizi ni kama jua la saa tisa alasiri: yanakuja kwa mshazari, yanapita kwenye plastiki kama kwenye kioo, lakini hayapiti kwenye chuma wala kwenye mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Antena ya mteja ilikuwa imebandikwa mbele ya sanduku, nyuma tu ya egemeo la abiria. Wakielekea kaskazini, kusini kuko nyuma na kuko wazi. Wakirudi, bibi mwenyewe anaikinga satelaiti kwa mgongo na helmeti.

"Mwanangu, hesabu," Mzee akaniambia. Kutoka usawa wa antena hadi kilele cha helmeti ni sentimita 60. Antena ikiwa sentimita 40 nyuma yake, kivuli kinapanda zaidi ya nyuzi 55, na satelaiti zote mbili ziko chini ya hapo. Isogeze hadi ukingo wa nyuma wa sanduku, sentimita 75, kivuli kinashuka hadi nyuzi 39 hivi. Ile ya nyuzi 44 inachungulia juu ya helmeti. Ya pili bado iko chini sana, ila wakienda kusini haiko mbele yao, iko kando, inapita pembeni ya bega la kulia. Wakielekea kusini-magharibi, njia ya Cincinnati, zinabadilishana zamu: ya chini inazibwa na bibi, ya juu inapita bega la kushoto.

Moja inatosha. Mfumo wa XM hutuma matangazo yaleyale kwa satelaiti zote mbili, moja ikichelewa kama sekunde nne, na redio hujaza pengo kutoka kwenye akiba yake. Ndiyo maana ukipita chini ya daraja husikii mkatiko wowote. Lakini daraja linapita. Abiria hapiti, mnasafiri naye.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono, na hapo ndipo nilipokaa kimya. Antena hizi zimebuniwa kukaa juu ya paa la gari, na chuma cha paa ni sehemu ya kazi yake. Sanduku la Gold Wing ni plastiki tupu. Kwa hiyo antena inataka bati chini yake, lenye upana usiopungua urefu wa wimbi moja, yaani kama sentimita 13. Mzee ana mrundo wa vifuniko vya makopo ya biskuti kwa ajili hiyo tu. Alichagua kimoja cha sentimita 17, akaunyoosha ukingo wake kwa nyundo ya mpira juu ya gogo, akitafuta mbonyeo kwa kidole gumba, akigonga tena taratibu. Mbonyeo hauharibu sana, alikiri. Anauchukia tu.

Kebo nyembamba kama utambi wa kandili haikatwi. Inaleta mawimbi, na inapeleka umeme kwa kikuza mawimbi kidogo kilichomo ndani ya antena. Ukiikata na kuiunga kwa tepu umeumiza vyote viwili. Urefu uliozidi Mzee aliulaza kwa namba nane pana, mbali na nyaya za plagi, akaufunga kwa vifungo vya plastiki bila kuukaza, kiasi cha kuuzungusha kwa kidole. Kwenye bawaba za sanduku aliacha kitanzi, kisha akafungua na kufunga kifuniko mara kumi na kitu, akiitazama kebo ikijikunja mahali pamoja. Hakuridhika. Akakifanya kitanzi kiwe kikubwa zaidi, akaanza tena kufungua na kufunga. Kwenye kiungio alipaka grisi ya umeme kidogo, kama mtu anayepaka siagi ya watu wengine.

Antena yenyewe hakuifunga bado. Aliibandika kwa tepu ya karatasi, bati chini yake, tukatoka nje ya mji hadi kwenye uwanja mpana usio na mti wala ghorofa. Mjini, alisema, kuna minara ya ardhini inayorudia matangazo, inamdanganya fundi. Kwenye kioo cha redio alifungua ukurasa unaoonyesha kwa vijistari nguvu ya satelaiti peke yake. Mteja akapanda, bibi nyuma yake, wakazunguka uwanja polepole sana, wakisimama katika kila mojawapo ya pande nane za dira. Mzee alitembea kando yao kwa mguu, daftari mkononi, akiandika idadi ya vijistari kila waliposimama.

Pande saba zilikuwa nzuri. Kusini vijistari vilipungua viwili.

Hakusema kitu. Alibandua tepu, akaisogeza antena nyuma kwa upana wa vidole viwili, akaibandika tena, akawaashiria wazunguke upya kuanzia mwanzo, pande zote nane.